Kamata kabla miguu haijaacha ardhi: mkamato wa kukatiza mruko katika Melee

Swali: Kaka, habari za kazi. Nacheza Super Smash Bros. Melee, ile gemu ya mapigano ya GameCube, mhusika wangu ni Captain Falcon. Naona wachezaji wakubwa wanachomoka mbio, wanaruka kidogo sana, kisha wanamkamata mpinzani huku wakiteleza. Nikijaribu mimi, Falcon ama anapaa na kurusha goti, ama anatoa ule mkamato wa kujinyoosha unaochelewa. Nabonyeza X ya kuruka na Z ya kukamata mpaka vidole vinauma. Nakosea wapi? Na nikishaupata, niutumie wakati gani?

Jibu: Mdogo wangu, hao unaowatazama hawakamati wakiwa hewani. Wanakamata wakiwa chini, ila wanakamata katika kipande cha muda ambacho gemu tayari imepokea amri ya kuruka na miguu bado haijaondoka sakafuni. Ukilielewa hilo, nusu ya taabu yako imekwisha, kwa sababu sasa hivi unatafuta kitu hewani, na hewani kwa Captain Falcon hakuna mkamato wa Z. Juu kule Z inafanya kazi ya A tu, yaani kushambulia. Kijiti kikiwa kimeelekea mbele unapata goti, na ukikiachia katikati unapata mateke yake mawili. Anacho kishambulizi kimoja cha kumdaka mtu hewani, kile cha juu na B, lakini hicho ni habari nyingine kabisa.

Nianze na kinachotokea ndani ya gemu, maana ukikijua utaweza kujisahihisha mwenyewe bila kumngoja mtu.

Melee huenda kwa fremu, yaani picha, 60 kila sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 17. Ukibonyeza X au Y, mhusika hapai papo hapo. Kwanza anachuchumaa kujiandaa, na urefu wa mchuchumao huo hutofautiana kwa kila mhusika. Fox, Sheik, Samus na Pikachu huchuchumaa fremu 3. Captain Falcon wako, Marth, Mario na Luigi fremu 4. Falco na Peach 5, Ganondorf 6, na Bowser, mzito kuliko wote, 8. Fremu inayofuata mchuchumao ndipo mtu yuko hewani. Kwa hiyo Falcon akipokea X, fremu ya 1 hadi ya 4 bado yuko chini, ya 5 ameshapaa.

Waliotengeneza gemu hii waliacha milango michache wazi katika mchuchumao huo. Unaweza kuukatiza kwa shambulizi kubwa la juu, kwa shambulizi la juu na B, au kwa mkamato. Ukikatiza kwa mkamato, gemu haiulizi kama ulikuwa mbioni. Inakupa mkamato wa kusimama, ule wa haraka, na kasi uliyokuwa nayo haipotei mara moja, hivyo mhusika anateleza mbele huku mkono umeshatoka. Huko kuteleza ndiko kunakodanganya macho ukadhani ameruka.

Kwa nini watu wanahangaika hivyo wakati mkamato wa mbio upo? Kwa sababu mkamato wa mbio katika Melee ni mbaya. Mkamato wa kusimama wa Falcon, Fox au Marth unashika kuanzia fremu ya 7. Ule wa mbio unaanza kushika fremu kadhaa baadaye, na ukikosa, mhusika anabaki amejinyoosha muda mrefu zaidi huku mpinzani akichagua kwa raha amwadhibu kwa nini. Una faida yake, unafika mbali zaidi, na kuna siku utautaka kwa ajili hiyo. Lakini mtu anayecheza Falcon kwa mkamato wa mbio peke yake anampa mpinzani nafasi za bure mechi nzima.

Sasa vidole. Kosa lako linajieleza lenyewe, na hilo ndilo ninalolipenda katika mbinu hii. Ukiona goti au mateke, Z yako imefika baada ya fremu ya 4, yaani umechelewa. Ukiona Falcon anajinyoosha kwa mkamato wa mbio, Z imetangulia X, na gemu imekupa ulichoomba kwanza. Ukiona ameruka tu bila kufanya lolote, Z haikuingia. Mara nyingi hii hutokana na kukigusa kitufe juu juu kwa sababu kidole kiko mbali nacho. Wewe umeniambia unapata goti na mkamato wa mbio kwa kupokezana. Hiyo inaniambia kwamba vidole vyako havina mpangilio wa kudumu. Mara X inatangulia kwa mbali, mara Z inatangulia kwa bahati mbaya. Huenda unajaribu kuvibonyeza kwa pamoja. Acha hilo. X iwe ya kwanza kila mara, Z ya pili kila mara, na nafasi kati yao iwe ndogo kadiri unavyoweza.

Kwenye pedi ya GameCube, kidole gumba cha kulia kikae juu ya X au Y na cha shahada kikae tayari juu ya Z, hata kabla hujaanza kukimbia. Wengi wanakiacha cha shahada kwenye R kwa sababu ndiyo ngao, halafu wanalazimika kukipandisha hadi Z wakati fremu nne zinakimbia. Nne hizo ni milisekunde kama 67, na safari ya kidole kutoka R hadi Z inaweza kuzimaliza zote. Kama mkono wako ni mdogo na huifikii Z vizuri ukiwa kwenye X, jaribu Y, maana pembe ya mkono inabadilika. Anayetumia kibodi amepata wepesi hapa, kwa kuwa kila kitufe kina kidole chake.

Usingojee kumwona Falcon akichuchumaa ndipo ubonyeze Z. Ukingojea kuona, umechelewa tayari, hakuna jicho la binadamu linaloweza kuona na kujibu ndani ya milisekunde 67. Vibonyeze kama tendo moja lenye mapigo mawili, kama mpiga ngoma anavyogusa kwa vidole viwili vinavyofuatana upesi. Na kumbuka kwamba kila fremu unayoipoteza kati ya X na Z inaongezwa kwenye mkamato wako. Ukibonyeza Z fremu moja baada ya X, umelipa ushuru mdogo kabisa. Ukiibonyeza fremu ya 4, umefanikiwa kweli, lakini umetupa fremu tatu ambazo mpinzani angeweza kuzitumia kuinua ngao, kukwepa papo alipo au kuruka. Ndiyo maana huwaambia wanaocheza Bowser wasijisifu kwa kuwa dirisha lao, yaani muda wa kubonyeza Z, ni la fremu 8. Ni pana kwa anayejifunza, lakini anayelitumia lote anajichelewesha mwenyewe.

Mazoezi yana mtego mmoja ambao sijasikia ukitajwa sana. Wanaoanza huambiwa wasimame, wabonyeze X kisha Z, na mhusika akikamata bila kuruka wamefaulu. Lakini ukiwa umesimama, mkamato uliokatiza mruko na mkamato wa Z peke yake vinafanana kabisa. X isipoingia, au Z ikitangulia, utaona kitu kilekile na utajipongeza. Zoezi la kusimama linakufundisha jambo moja tu, kutochelewa. Dakika chache zinatosha, kisha hamia mbioni, kwa sababu ukiwa mbioni makosa yote mawili yanaonekana kwa macho. Mkamato uliofaulu unamwonyesha Falcon akiwa wima, mkono tu umetoka, mwili unateleza. Ule wa mbio unamwonyesha ameinama na kujitupa mbele. Jifunze kuzitofautisha picha hizo mbili hata kabla hujajifunza vidole.

Anza na mbio ndefu kutoka upande mmoja wa Final Destination, lile jukwaa tambarare, hadi mwingine, ukikamata hewa tupu katikati. Ukizoea, kamata mapema zaidi, pale tu anapochomoka, maana katika mechi halisi nafasi nyingi zinatokea ndani ya hatua za mwanzo. Halafu ongeza kugeuka: chomoka nyuma, chomoka mbele, X, Z. Hapo ndipo vidole vitakapoanza kukosea upya, kwa sababu kijiti nacho kina kazi. Vumilia hapo kwa muda mrefu kuliko kwingine kote. Hali ya mazoezi ya Melee ina chaguo la kupunguza kasi, na wengi hulikimbilia. Mimi naona lina manufaa ya kutazama tu, uone mchuchumao ukitokea na mkono ukitoka. Usiufundishe mkono humo, kwa sababu mapigo utakayoyazoea siyo utakayoyahitaji gemu ikirudi kwenye kasi yake.

Kisha weka mtu wa kukamatwa. Mpe mwenzako Marth, mwambie ainue ngao na kuishusha apendavyo, nawe umfikie kutoka mbali. Ngao ndiyo sababu ya mkamato kuwepo: shambulizi huzuiwa na ngao, ngao hushindwa na mkamato, na mkamato hushindwa na shambulizi. Mpinzani akijua kwamba unaweza kumfikia mbioni na kumkamata kwa haraka, hawezi tena kukaa ndani ya ngao akikungoja. Atalazimika kurusha mkono au kuruka mapema, na akifanya hivyo ametoka mahali salama.

Hapo ndipo tunafika kwenye sehemu ya pili ya swali lako, na nikuambie wazi kwamba hii ndiyo inayotenganisha watu. Vidole hujifunza. Kujua lini uvitumie ndiko kunakochukua muda.

Matumizi ya kwanza ni kumwadhibu aliyekosa. Falcon ana mbio kubwa kuliko wahusika wote wa gemu hii. Cheza nje kidogo ya upeo wa upanga wa Marth au teke la Sheik, ukichomoka mbele na nyuma. Atakapopiga hewa, uko mbioni tayari na huna muda wa kusimama. X, Z, umemshika kabla silaha haijarudi. Mkamato wa mbio ungechelewa hapa mara nyingi. Tabia hii ya kuingia, kutoka na kurudi na mkamato ndiyo mkate wa kila siku wa Falcon. Kama bado hujaizoea, usikimbilie mambo mengine.

Matumizi ya pili ni kumfukuza aliyeanguka, na hapa nitakaa kidogo. Ukimtupa chini Fox au Falco kwa Falcon, kwa asilimia ndogo wanagonga sakafu karibu nawe. Mpinzani ana njia nne: kujiokoa papo hapo kwa kubonyeza ngao wakati wa kugonga, kujiokoa huku akibingiria kuja kwako, kubingiria kwenda mbali, au kushindwa kujiokoa na kubaki amelala. Anayejiokoa papo hapo anatumia fremu 26, na 20 za kwanza hagusiki. Anayebingiria anatumia fremu 40, na vilevile 20 za kwanza hagusiki. Kwa hiyo aliyebaki papo hapo yuko wazi kwa fremu 6 tu, kuanzia ya 21 hadi ya 26. Aliyebingiria yuko wazi kwa fremu 20.

Piga hesabu nami. Mtu wa kawaida aliyezoea huchukua robo sekunde hivi kuona na kujibu, yaani fremu 15. Ukiwa umesimama karibu na mpinzani akajiokoa papo hapo, fremu 15 za kuona na 7 za mkamato zinakufikisha ya 22. Umo ndani ya dirisha. Zingatia kwamba hapo hukuhitaji X hata kidogo, kwa kuwa ulikuwa umesimama. Ukiongeza X kwa mazoea unajipunguzia nafasi bila sababu. Sasa chukua aliyebingiria kwenda mbali: fremu 15 za kuona, kumi na kitu za kukimbia, moja au mbili za kuchuchumaa, 7 za mkamato. Umemfikia kwenye fremu ya 35 hivi, naye ameachiliwa baada ya ya 40. Mkamato wa mbio unakula zile fremu chache zilizobaki, na ukikosea kidogo tu umbali, yeye ndiye anayekupiga. Ndiyo maana nasema mbinu hii kwa Falcon si pambo. Bila hiyo, huwezi kumfukuza mtu kwa kumtazama, utabaki ukibahatisha atakakokwenda.

Ukitaka kuona hesabu hizi zikiwa hai, tazama mechi za mchezaji mashuhuri Wizzrobe akiwa na Falcon. Usitazame kombo, yaani mapigo yake yanayofuatana. Tazama miguu yake baada ya kumtupa mtu chini, jinsi anavyotulia nukta moja kabla ya kuchomoka. Utulivu ule ndio zile fremu 15 za kuona.

Na kwa kuwa hesabu ni finyu hivyo, kagua skrini yako. Televisheni nyingi bapa huchelewesha picha, na ikichelewa fremu 3 tu, ile ya 22 inakuwa 25, na ukiwa na usingizi kidogo umeshatoka nje ya dirisha. Televisheni za zamani zenye kisogo bado zinatafutwa na wachezaji wa Melee kwa sababu hiyohiyo. Ukicheza kwa kompyuta kupitia programu ya Slippi, ambayo tangu 2020 imewezesha watu wa miji tofauti kucheza kwa ulaini mkubwa, kumbuka kwamba kwa kawaida imewekewa ucheleweshaji wa fremu 2 kwenye vitufe. Hilo haliharibu X na Z zako, kwa sababu vyote viwili vinachelewa sawasawa na nafasi kati yao inabaki ileile. Linagusa kufukuza kwa macho tu. Kwa hiyo ukifanikiwa kukatiza mruko lakini ukashindwa kumpata aliyejiokoa papo hapo, usirudi kulaumu vidole. Tazama vifaa kwanza.

Kuna mahali pengine ambapo watu huitumia vibaya. Ukiwa ndani ya ngao, usibonyeze X kisha Z. Ngao ikiwa juu, A peke yake inatoa mkamato wa kusimama moja kwa moja, X inakuchelewesha bure. Na mpinzani aliyezoea kukwepa papo alipo atakushinda kila ukija na mkamato uleule kwa mapigo yaleyale. Siku moja moja mfikie mbioni, usimame mbele yake bila kufanya kitu, umwache akwepe, kisha umkamate anapomaliza.

Ukija kubadili mhusika, kanuni haibadiliki, kinachobadilika ni vipimo. Kwa Sheik una fremu 3, mapigo yawe ya karibu zaidi, na malipo yake ni makubwa kwa sababu kumtupa mtu chini kwa Sheik kunaendelea kuwa mkamato juu ya mkamato kwa wahusika wengi. Marth akimshika Fox au Falco kwenye Final Destination, kutupa juu kunamrudisha mikononi mwake tena na tena. Fox ana raha ya ziada: kile kioo chake cha chini na B kinaweza kukatizwa kwa mruko, na mruko huo nao ukakatizwa kwa mkamato, kwa hiyo chini B, X, Z, na mpinzani aliyetegemea ngao amenaswa. Luigi huteleza sana, mazoezi yake ni ya umbali zaidi kuliko ya vidole. Samus na Link ni wa kuangalia kwa makini, maana wao wakichelewa hawapati teke, wanarusha kamba hewani kwa Z. Kamba hiyo hunasa ukuta na kuwaokoa wakiwa nje ya jukwaa, lakini ukiirusha bila kukusudia mbele ya mpinzani umejifungua.

Usihamishie namba hizi Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya mfululizo huu iliyokuja baadaye. Kule wahusika wote huchuchumaa fremu 3, na mikamato imepangwa upya. Yote niliyoeleza ni ya Melee.

Kwa wiki hii fanya hivi: kabla ya mechi yoyote, chomoka na kurudi na kukamata hewa kwenye Final Destination hadi uone Falcon wima kila mara, si mara nyingi. Kisha cheza na mwenzako mechi ambazo umejikataza mkamato wa mbio kabisa. Utapigwa, na utarusha magoti usiyoyataka. Kila goti likitoka, sema moyoni "nimechelewa", kila mkamato wa mbio ukitoka, sema "Z imetangulia", na uendelee bila kusimamisha mechi. Ukifika mahali unajua kosa lako kabla skrini haijakuonyesha, niandikie tena tuzungumzie kumfukuza aliyelala bila kujiokoa, kwa sababu huyo ana hesabu zake.